Leseni ya Busaa kwa Jina la Mke Wangu

Mke wangu alikuwa mpishi wa busaa, pombe ya nafaka ya kwetu, pale Kabiria, pembeni mwa Nairobi, na wako wazee wachache bado wanaomkumbuka. Wanakumbuka mkono wake. Jambo wasilolijua, kwa sababu hatukulisema, ni kwamba unga wote uliopikwa pale, tangu tulipokuwa na chungu kimoja mpaka tulipofikia mapipa manane, niliukaanga mimi. Naandika haya kwa sababu yeye alikufa akiwa ametengwa na kanisa kwa kazi tuliyoifanya wawili, na mimi sikutengwa.

Nilitangulia Nairobi peke yangu, Uhuru ukiwa bado mpya. Nilipata kazi ya useremala katika karakana ya Mhindi mmoja, kwenye kichochoro nyuma ya River Road. Chumba nilipanga Kabiria, kwa mzee mmoja Mkikuyu aliyekuwa na ng'ombe watatu na shamba la mahindi. Kabiria ya wakati ule ilikuwa mashamba na njia za miguu. Mke wangu alinifuata mwaka uliofuata kutoka kwetu, upande wa Kakamega, na mtoto wetu wa kwanza mgongoni. Wote wawili tulikuwa watu wa kanisa. Kanisa letu halikuruhusu pombe, si kunywa, si kupika, na jina la kila muumini liliandikwa katika kitabu kilichokaa kwa mzee wa kanisa.

Busaa ilianza kwa sababu ya msiba. Mtu wa kwetu, mjenzi, alianguka kutoka jengo lililokuwa likijengwa Westlands akafa. Tulimsafirisha nyumbani akazikwa, na waliokwenda waliporudi ikabidi tukutane kumaliza matanga huku, kwa kuwa wengi hawakuweza kusafiri. Walikuja chumbani kwetu wakakaa na chai. Hakuna aliyekuwa na neno. Walikuwa kama watu wanaongoja kuitwa na daktari. Walipoondoka mke wangu alisema kwamba mama yake, kabla hajaokoka, asingekubali mtu aagwe kwa chai. Akaniomba ruhusa apike mara moja tu, tuwaite tena. Marehemu hakuwa mtu wa kanisa, kwa hiyo nilijiambia kwamba haitatuhusu.

Akalowesha wimbi, yaani ulezi, akalifunga ndani ya gunia bichi chini ya kitanda mpaka likachipua, akalianika na kulisaga. Hicho ndicho kimea. Unga wa mahindi aliukanda kwa maji kidogo, akaufunika siku kadhaa mpaka ukachacha. Baada ya hapo unga ule sharti ukaangwe juu ya bati, moto ukiwa mkali, ukigeuzwa bila kupumzika mpaka uwe na rangi ya udongo mwekundu. Ukiachwa kidogo unaungua na pombe yote inakuwa chungu. Moshi wake unauma koo. Mke wangu tangu utotoni kifua chake hakikuwa kizuri, na siku ile hakufika nusu. Alikohoa mpaka akaketi chini. Nikamnyang'anya beleshi nikamalizia. Yeye akauchanganya na kimea na maji ndani ya chungu, akauacha uumuke.

Kwetu mwanamume hakaangi. Angeonekana, wimbo ungetungwa. Ndiyo sababu nilitundika magunia mbele ya moto, watu wa njiani wasinione. Hiyo ndiyo sababu niliyompa mke wangu, na siku ile ilikuwa kweli.

Wale watu walikuja wakanywa, na mdomo mmoja baada ya mwingine ukafunguka. Walimzungumzia marehemu mpaka jioni, wakacheka na wakalia. Mzee mwenye ploti aliposikia akaja kuona. Yeye alijua muratina tu, pombe ya kwao ya asali. Akachungulia kikombe.

"Mama, hii si pombe. Hii ni uji ya mgonjwa."

"Basi maliza, baba, upone," mke wangu akamwambia.

Kesho yake asubuhi mzee alisimama tena mlangoni, kofia mkononi, akasema bado hajapona. Tangu siku hiyo hakumwita mke wangu kwa jina jingine ila Daktari.

Mara moja ikawa mara mbili. Kulikuwa na kuaga mtoto aliyekwenda shule ya bweni, kulikuwa na watu wa kwetu waliotaka tu kukaa pamoja Jumapili mchana. Mzee akatupa kona nyuma ya zizi, na malipo aliyotaka ni machicha, yaani yale makapi yanayobaki pombe ikichujwa, awape ng'ombe wake. Walinenepa. Chungu kikawa pipa, pipa likawa mapipa matatu. Walikuja vibarua wa Kawangware, watunza bustani wa Lavington, askari wa usiku wa Westlands waliotembea saa nzima kwa miguu. Hata wazee wa Mutuini, ambao nyumbani kwao hapakosi muratina, walifika wakiwa na mirija yao wenyewe ya kunywea mkononi.

Mke wangu hakuwa amesoma zaidi ya darasa la pili lakini kazi ile aliijua kama mimi ninavyozijua mbao. Aliweka sikio kwenye pipa akasikiliza. Alitia kiwiko cha mkono. Kama haijafika, hauzi, hata watu wakijaa uani. Mtu mmoja alimlilia kwamba ametoka mbali na koo limekauka. Akamjibu, "Pombe haijui kama una kiu." Kulikuwa na wapishi wengine waliotia vitu ili iwahi na ipige kichwa. Yeye alisema mtu akitoka kwake sharti ajue njia ya nyumbani, kwa maana mke wa mtu huyo atakuja kesho na atamkuta yeye, hatalikuta pipa.

Mimi nilikaanga kila Jumamosi mchana nikitoka karakana. Sikuwahi kuonja. Koti la kanisani nililiacha karakana kwenye msumari, nikalipitia Jumapili asubuhi kabla ya ibada, kwa sababu kila nguo iliyolala kwetu ilinuka moshi. Nilikwenda mjini na kurudi kanisani Dagoretti kwa ajili ya koti. Mke wangu alikuja na watoto kwa miguu akiwa amevaa gauni lililonuka, akaketi upande wa wanawake.

Kisha askari wakaanza kuja. Walimwaga mapipa mara mbili. Mara ya tatu walimchukua akalala kituoni siku mbili, mtoto wa mwisho akiwa bado ananyonya. Wakati huo serikali ilikuwa inatoa leseni za vilabu vya busaa, ukiwa na sakafu ya saruji, paa, choo na viti. Mzee mwenye ploti akasema tujenge, yeye hana haja na zizi kubwa hivyo. Nikajenga. Mabenchi niliyapiga kwa kipimo kilekile nilichotumia kuyapiga mabenchi ya kanisa, kwa sababu ndicho kipimo nilichokuwa nacho. Afisa wa afya akaja, akapiga sakafu kwa kisigino, akasema twende mjini.

Tulikwenda wawili. Alivaa viatu. Ilikuwa ofisi yenye dirisha la mbao na karani kijana mwenye tai. Alituuliza jina la mwenye biashara. Mke wangu akanitazama, kwa kuwa ilieleweka kwamba ni mimi. Mimi nilikuwa namtazama karani. Niliona jina langu limetundikwa ukutani pale Kabiria, na mtu yeyote akiingia analisoma. Nikasema, "Andika la mama."

Karani aliinua kichwa. "Mzee, wewe ni mwanaume wa siku hizi. Wengine hapa wanagombana mpaka naita askari."

Mke wangu aliinama kidogo, kama alivyofanya siku ya harusi yetu alipotajwa. Jina lake halikuwa limeandikwa katika karatasi yoyote ya serikali isipokuwa vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Njiani alitaka kushika ile bahasha mwenyewe. Tulipofika River Road akaniambia nimempa kitu ambacho baba yake hakumpa mama yake. Nilimnunulia soda.

Leseni ilitiwa kwenye fremu, fremu niliipiga mimi. Kilabu kikakua. Mapipa yakafika manane, akaajiri wanawake wawili wa kuchuja, na Jumapili alasiri ulikuwa husikii ng'ombe kwa sauti za watu. Tuliwasomesha watoto kwa kilabu kile. Mshahara wa karakana usingetosha, na sitaki mtu adhani vingine.

Wazee wa kanisa walikuja siku ya kazi jioni, watatu. Aliyewaongoza alikuwa mtu mpole, aliyenipokea kanisani nilipofika Nairobi. Walikaa chumbani, wakakataa chai. Mzee alisema wamepata habari, wamekwenda, wamesoma jina ukutani. Alimwuliza mke wangu kama ni lake. Akasema ni lake, na nikaona kwamba alilisema kwa fahari. Hakuwa ameelewa bado. Kisha mzee akanigeukia.

"Ndugu, na wewe unakunywa?"

"Sijaonja pombe tangu nilipobatizwa," nikasema.

Hilo lilikuwa kweli tupu. Mzee alishusha pumzi, akasema anamshukuru Mungu. Hakuniuliza kingine. Aliendelea kuzungumza, lakini mimi nilikuwa namtazama mke wangu, ambaye alikuwa ameacha kuwatazama wageni, ananitazama mimi. Mikono yangu ilikuwa juu ya magoti na ilikuwa na malengelenge ya Jumamosi. Aliitazama hiyo mikono kwa muda.

Jumapili hiyo jina lake lilisomwa na kufutwa. Katika kanisa letu mtu aliyefutwa anaruhusiwa kuketi nyuma, haimbi na wanawake, hatembelewi akiugua, na akifa haandikiwi barua. Barua hiyo ndiyo kila kitu kwetu sisi tuliotoka mbali. Mtu akifia Nairobi, kanisa la huku linaliandikia kanisa la nyumbani kwamba huyu alikuwa wetu, mpokeeni. Bila barua, kanisa la nyumbani halimziki. Atazikwa na ndugu zake kama watakavyoweza.

Baada ya ibada watu walikuja kunishika mkono mimi. Waliniambia nivumilie. Mama mmoja alisema kwamba mwanamume mwingine angemfukuza. Nikasema asante.

Wiki nzima mke wangu alizungumza nami habari za watoto na maji tu. Jumamosi nilipokuwa nakaanga alikuja nyuma ya magunia, akasimama upande usio na moshi.

"Baba watoto, siku ile dirishani. Ulikuwa unanipa au ulikuwa unajificha?"

"Nilikuwa nakupa."

Akakubali kwa kichwa, kama mtu aliyepimiwa kitu pungufu na hana la kufanya. "Unga unaungua," akasema, na kweli ulikuwa unaungua.

Hatukuacha. Hilo nalo nilitaje. Tungeweza kufunga mwezi ule, akatubu, akarudi. Nilimwambia hivyo mara moja na akaniuliza watoto wawili walioko sekondari tuwafanye nini. Nikafurahi kwamba amekataa, kwa sababu mimi pia sikujua tuwafanye nini, na sasa lawama ilikuwa yake. Kilabu kiliendelea miaka mingine mitatu. Yeye alikwenda kanisani kila Jumapili akaketi nyuma, karibu na mlango, kisha akarudi kufungua. Mimi katika miaka hiyo nilichaguliwa kuwa msimamizi wa jengo la kanisa. Nilishika funguo.

Kifua kilimshika mwaka wa mvua nyingi. Alilazwa, akarudishwa, akalazwa tena, na daktari akasema tumweke nyumbani mahali pakavu. Alijua. Hakuogopa kufa, au kama aliogopa hakunionyesha. Kitu kimoja tu alikitaka, na alikisema wazi mbele yangu na mbele ya binti yetu mkubwa. Alitaka barua. Mama yake alizikwa na wanawake wa kanisa wakiimba, waliimba kutoka nyumbani mpaka kaburini, na yeye alitaka aimbiwe vivyo hivyo kwenye njia ileile.

Nilimwendea mzee wa kanisa. Alisikitika kwa dhati. Alisema mlango uko wazi: afunge kilabu, asimame mbele ya kanisa atubu, au akishindwa kusimama aletewe wazee kitandani, na jina litarudi siku hiyohiyo. Nilirudi mbio kumwambia. Nilidhani nimebeba habari njema.

Alinisikiliza akiwa ameegemea ukuta. Ilimchukua muda kupata pumzi.

"Kufunga nitafunga. Kutubu nitatubu. Lakini tutubu wawili."

Nilitazama sakafu.

"Sitaki useme mengi," akasema. "Simama tu uwaambie aliyekaanga ni nani. Wewe ukisema, mimi nitawaita waje. Usiposema sitawaita. Siwezi kwenda kwa Mungu nimebeba beleshi lako."

Nikamwambia nitasema Jumapili.

Jumapili ya kwanza alikuja mhubiri mgeni kutoka mbali na nikaona si heshima kuleta mambo ya nyumbani mbele yake. Jumapili ya pili mvua ilinyesha juu ya mabati, mtu hakusikika. Niliporudi hakuniuliza. Alinitazama tu nilivyoingia, akaelewa, akaomba maji. Jumapili ya tatu nilisimama. Nilisimama kweli, baada ya matangazo, na mzee akaniona akasema, "Ndio, msimamizi." Watu wote wakageuka. Walikuwa watu walioniheshimu kwa miaka kumi. Nikatangaza kwamba dirisha la upande wa kushoto limevunjika na litatengenezwa wiki hiyo.

Alikufa Alhamisi, mchana, binti yetu akiwa amemshika. Mimi nilikuwa karakana.

Wanawake wa kanisa hawakuja. Walipita mmoja mmoja jioni kunipa pole, wakisimama njiani, nje ya ua. Waliokuja ni wateja. Walikuja wakiwa hawajanywa, wamenyoa ndevu, wakaketi juu ya mabenchi yao, na mzee mwenye ploti akaketi katikati yao akiwa ameshika kofia. Alisema, "Daktari ametuacha na ugonjwa," halafu hakuweza kuendelea. Nyimbo za dini walizijua, kwa maana wote walilelewa na mama wa kanisa mahali fulani, ila kila mtu alijua ubeti wake kwa lugha ya kwao. Hazikupatana. Hata hivyo waliimba mpaka lori likaja.

Nyumbani mchungaji alitoka nje ya kanisa kutupokea. Aliniuliza kwa upole kama nina barua. Nikasema sina. Akashika mkono wangu akasema atakuja kama jirani, hatakuja kama mchungaji, na alikuja, akasimama nyuma ya watu na hakufungua kinywa. Kaka wa marehemu aliomba kwa maneno machache. Kutoka nyumbani mpaka kaburini palikuwa kimya, nikasikia miguu ya watu kwenye majani. Binti yangu alitembea kando yangu na hakunishika mkono.

Jumapili niliyorudi Nairobi sikupitia koti karakana. Nilikwenda na koti lililolala Kabiria, likinuka moshi. Sikungoja matangazo. Nilisimama nikawaambia kwamba busaa yote iliyopikwa na mke wangu unga wake niliukaanga mimi, kila Jumamosi, miaka yote. Nikasema leseni iliandikwa jina lake kwa sababu niliogopa langu lisomwe. Nikawaambia kwamba aliniomba niyaseme haya ili naye atubu, na sikuyasema, na kwamba kama ni kufutwa basi walifuta jina moja kwa kosa la watu wawili. Naomba lirudishwe, nikasema, au langu lifutwe.

Nilidhani patakuwa na kelele. Palikuwa na huruma. Niliona akina mama wakitikisa vichwa na kupangusa macho. Mzee alishuka kutoka mbele, akaniweka mkono begani, akawageukia watu akasema ndugu yetu ana majonzi makubwa, na majonzi humfanya mtu abebe makosa ya aliyempenda. Akaanzisha wimbo. Wakaimba wote, wamesimama, kunifariji. Nilijaribu kusema tena na sauti yangu haikusikika.

Baada ya ibada nilimfuata ofisini. Nilimwonyesha mikono. Makovu ya bati yalikuwa yanaonekana vizuri wakati ule. Aliyatazama, na nadhani aliniamini, maana alikwenda akafunga mlango.

"Ndugu, usijiharibie," akasema. "Yeye ameshakwenda. Marehemu hatubu, na barua haiandikwi nyuma."

"Basi nifuteni."

"Kwa kosa gani? Kilabu kimefungwa. Hunywi. Nenda nyumbani upumzike."

Niliwarudishia funguo, wakampa mtu mwingine kwa muda kisha wakaniletea tena. Mara mbili zaidi katika miaka iliyofuata niliuandikia mkutano wa wazee, na mara zote mbili nilijibiwa kwamba wananiombea. Yule mzee naye amekufa, na wanaokiweka kitabu sasa ni vijana ambao hawakumjua mke wangu. Nimekiona. Jina lake lina mstari juu yake. Langu liko juu ya lake, safi. Siku nikifa barua yangu itaandikwa kabla ya jua kuchwa, itanitangulia nyumbani, na wanawake wataimba kwenye njia ile mpaka kaburini. Nimemwambia binti yangu awakataze. Hajanijibu kama atafanya hivyo.